Gita kavu ya Katanga: wazee waliopiga wimbo mmoja bila kuurudia

Katika ukanda wa shaba, kuanzia Kolwezi kupitia Likasi mpaka Lubumbashi, gita kavu ni gita ya mbao isiyo na umeme. Mtu mmoja anaipiga kwa vidole viwili tu, kidole gumba na kile cha shahada, na mwenzake anagonga chupa tupu kushika mwendo. Muziki huu ulikomaa katika kambi za wafanyakazi na mitaa ya Waafrika miaka ya 1940 na 1950. Mpigaji wake aliyejulikana zaidi duniani, Mwenda Jean-Bosco, ni mzaliwa wa Bunkeya, ambayo leo iko ndani ya jimbo la Lualaba.

Vijana wengi wa Kolwezi wanamjua Franco, wanamjua Koffi, lakini jina la Mwenda wanalisikia kwa mbali tu. Na kumbe, kule Ulaya wataalamu wameandika kurasa nyingi juu ya vidole vyake, sababu kila alipopiga wimbo uleule aliupiga kwa namna nyingine.

Kwa kifupi

- Mwenda Jean-Bosco, aliyeitwa pia Mwenda wa Bayeke: alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, akafariki Septemba 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.
- Edouard Masengo: ndugu yake Mwenda, mwimbaji na mpiga gita, aliyejulikana sana Lubumbashi na Nairobi. Alifariki mwaka 2003.
- Losta Abelo: mpiga gita wa Lubumbashi wa kizazi hichohicho.
- Wimbo mkubwa: Masanga wa Mwenda, uliorekodiwa Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952.
- Lugha: Kiswahili cha Katanga zaidi, pamoja na lugha za nyumbani.

Kutoka Bunkeya mpaka Jadotville

Bunkeya ilikuwa makao ya Msiri, mwami wa Wayeke. Watu wake walitoka upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, wakifuata biashara ya shaba na pembe za ndovu. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara uliotumwa kwa niaba ya Leopold II. Ukoo wake ulibaki na heshima, na jina la Mwenda linatoka humo. Ndiyo maana mpiga gita huyu alipenda kujiita Mwenda wa Bayeke.

Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mwanzoni ilitafuta wafanyakazi mbali sana. Walikuja Waluba, Walunda, Watshokwe, Wabemba, Wakasai, watu wa Rhodesia ya Kaskazini na wengine wengi. Kila mmoja alikuja na ngoma yake. Jioni, nyuma ya kazi, mtu wa Kamina alikaa karibu na mtu wa Dilolo na wote walitaka kucheza. Gita ilifaa sana kwa kazi hiyo: si nzito, haina kabila, na mtu mmoja anaweza kuitumia kama orkestra nzima.

Wapigaji wa kwanza walikuwa na mambo mengi masikioni. Walijua likembe na tshisanji, ala za vyuma vidogo zinazopigwa kwa vidole. Walisikia santuri, zile disiki za kuzunguka, zilizoleta muziki wa Cuba kama ule wa Trio Matamoros. Waliona filamu za cowboy zenye watu wanaoimba na gita juu ya farasi. Mwenda alichukua kwa wote hao, lakini hakumfuata hata mmoja hatua kwa hatua.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alifika Jadotville na kumkuta kijana huyo wa miaka 22 na gita yake. Masanga ulitoka kwenye santuri za Gallotone za Afrika Kusini, ukapata tuzo ya Osborn ya muziki wa Kiafrika mwaka huohuo. Kiisha ulisafiri inchi nyingi kuliko mwenye kuupiga.

Vidole viwili, chupa moja

Anayesikiliza Masanga mara ya kwanza mara nyingi anauliza: ni gita ngapi? Jibu ni moja. Kidole gumba kinashika nyuzi nene za chini na kutembea bila kusimama. Kidole cha shahada kinapiga nyuzi nyembamba za juu, na hakitembei sawasawa na gumba: wakati mwingine kinatangulia, wakati mwingine kinachelewa, na masikio yanadanganyika kuona kuna watu wawili wanaojibizana. Wapiga likembe wanajua jambo hilo. Kwenye likembe vidole viwili vinagawana kazi, na wimbo unatokea katikati yao.

Wimbo wenyewe hauna mwanzo na mwisho uliopimwa. Una mzunguko mfupi unaorudi. Juu ya mzunguko huo mpigaji ana vipande vidogo alivyovitunza kichwani: kimoja kinashuka, kingine kinapanda, kingine kinabaki juu ya sauti moja na kuigonga. Anavipanga papo hapo. Akiona watu wameanza kucheza, anakirudia kile kinachowafurahisha. Akiona wamechoka, anaingiza maneno ao anageuza mwendo.

David Rycroft, mtaalamu wa muziki huko Uingereza, alichapisha makala mbili juu ya jambo hili katika gazeti la African Music, mwaka 1961 na 1962. Aliandika kwa noti yale ambayo Mwenda alipiga, na kichwa cha makala yake kilitaja wazi kwamba huu ni muziki wa kubuni wakati wa kupiga. Miaka ile, watu wengi Ulaya waliamini kwamba ubunifu wa namna hiyo ni mali ya jazz ya Marekani peke yake.

Jazz huru ni nini?

Hapa kwetu neno jazz linaleta mchanganyiko kidogo. African Jazz ya Kabasele na OK Jazz ya Franco, zote za Kinshasa ya miaka ya 1950, zilipiga rumba. Huko Tanzania nako kulikuwa Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz, na nazo zilipiga muziki wa dansi. Kwa orkestra hizo, jazz ilikuwa jina la heshima lenye maana ya muziki wa kisasa wenye gita na tarumbeta.

Jazz huru ni kitu kingine. Jina lilienea kutoka santuri ya Mmarekani Ornette Coleman, iliyorekodiwa New York tarehe 21 Desemba 1960. Wanamuziki wanane, waliogawanywa vikundi viwili vya wanne, walipiga kwa muda wa dakika 37 hivi bila kusimama. Walikuwa na alama chache tu za kukutania. Mahali pengine kila mtu alibuni yake huku akisikiliza wengine saba. Nyuma yao wengine walikwenda mbali zaidi: waliacha ufunguo wa sauti, wakaacha mwendo wa kuhesabu moja-mbili-tatu-nne.

Afrika nayo ilikuwa na watu wake katika muziki huo. Kikundi cha Blue Notes kiliondoka Afrika Kusini mwaka 1964, sababu sheria za ubaguzi zilikataza weusi na weupe kupiga pamoja, na kikundi kilikuwa na wote wawili. Huko London walichangia sana jazz huru ya Ulaya. Mpiga ngoma wao, Louis Moholo-Moholo, ndiye aliyebaki wa mwisho. Alirudi Cape Town mwaka 2005, akafariki mwaka 2025.

Je, gita kavu ya Katanga ni jazz huru? Hapana, na isilazimishwe. Mwenda hakuacha mwendo, chupa ingemkatalia. Hakuacha mzunguko pia. Lakini muziki hizo mbili zina sheria moja: kilicho muhimu hakiandikwi kwenye karatasi, na mpigaji anaamua akiwa tayari anapiga. Kwa hiyo mtu mzima aliyepiga miaka 40 ana kitu ambacho kijana mwenye vidole vyepesi hana. Ana akiba ya vipande vingi kichwani, na ana sikio la kujua kipi kinafaa sasa.

Wazee wakipiga pamoja

Jambo hilo linaonekana zaidi wazee wawili ao watatu wakikaa pamoja. Gita kavu ni muziki wa mtu mmoja, lakini tangu zamani wapigaji walitembeleana, na wawili wakikutana kila mmoja anapaswa kupunguza kitu.

Kawaida mmoja anaanza na mzunguko. Wa pili hapigi mara moja. Anausikiliza upite mara mbili, tatu. Kiisha anaingia juu ao chini, mahali ambapo mwenzake hayuko. Kama wa kwanza amejaa upande wa nyuzi nene, wa pili anabaki kwenye nyembamba, pengine kwa kuibana gita shingoni ili sauti ipande. Wote wawili wakijaza kila nafasi, wimbo unakufa. Mtu wa chupa hageuki, na wote wanarudi kwake wakipotea.

Hakuna anayehesabu kumaliza. Mmoja anapunguza nguvu, mwingine anaisikia, chupa inagonga mara ya mwisho. Wasiozoea wanaona kama bahati. Ni sikio.

Mzee anaweza kukosa kasi ya zamani. Vidole vinakuwa vizito, hasa kwa mtu aliyeshika nyundo na koleo mgodini. Lakini katika muziki wa namna hii uzito huo hauharibu mambo, sababu mpigaji anachagua vipande vichache zaidi na kuviweka mahali pake. Ndivyo ilivyo pia kwa wazee wa jazz huru: wakikutana jukwaani baada ya miaka mingi, hawashindani kwa mbio. Kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi.

Njia ya Nairobi, Newport na Cape Town

Konseri kubwa za wazee hawa zilifanyika mbali na nyumbani. Mwaka 1959 Mwenda aliitwa Nairobi kutangaza dawa ya Aspro. Huko alikuwa na kipindi chake cha redio, na wapiga gita wa Kenya wa kizazi kizima walijifunza kwa kumsikiliza. Masengo naye alifika Nairobi, akaimba matangazo ya Coca-Cola. Kwa miaka hiyo, Mkongo aliyetaka kuishi kwa gita yake alipata nafasi kwa kampuni za kuuza vitu na kwa redio.

Mwaka 1969 Mwenda alipiga kwenye tamasha la Newport huko Marekani, mbele ya watu waliokuja kusikiliza muziki wa watu wa kawaida wa inchi mbalimbali. Mwaka 1988 alirekodi tena Cape Town, akiwa na miaka 58, na kazi hiyo ilitolewa Marekani nyuma ya kifo chake. Anayelinganisha nyimbo za 1952 na zile za 1988 anasikia mtu yuleyule akipita njia nyingine kufika nyumba ileile.

Wengine walikuja kuwatafuta wazee hapahapa. Mwingereza John Low, mpiga gita, alifika Lubumbashi mwaka 1979 kujifunza kwa Mwenda, Masengo na Abelo. Kitabu chake cha safari hiyo, kinachoitwa Shaba Diary, kilichapwa Austria mwaka 1982. Katanga iliitwa Shaba wakati huo, nalo jina la kitabu limelitunza.

Miaka ya kimya

Orkestra za gita za umeme ndizo zilizoisukuma gita kavu pembeni tangu miaka ya 1960. Vijana wa ukanda huu waliingia humo, na wengi walivuka mipaka. Orkestra Maquis ilitoka Kamina ikaenda kukaa Dar es Salaam. Baba Gaston alitoka Lubumbashi akapitia Dar es Salaam mpaka Nairobi. Super Mazembe, iliyofika Nairobi mwaka 1974, ilichukua jina la mashine kubwa za kuchimba na kusukuma udongo, ambazo kila mtoto wa Kolwezi anazijua.

Kiisha kampuni yenyewe ikaanguka. Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 haikufika hata tani 50,000. Mgodi wa chini wa Kamoto, hapa Kolwezi, uliporomoka Septemba 1990, mwezi uleule aliofariki Mwenda. Mishahara ilikatika, na ile pesa ndogo ya mwisho wa mwezi iliyowalipa wapigaji katika baa za Manika na Dilala ilikatika pia. Miaka ya 1992 na 1993 familia nyingi za asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, na wanamuziki walikuwemo ndani ya treni zile. Chupa na gita zilibaki bila watu wa kukutana.

Leo shaba na kobalti zimerudi kwa nguvu, na Kolwezi inakua kila mwaka. Lakini mitaa mingine ya zamani ya wafanyakazi imebomolewa ao imehamishwa sababu ya migodi. Mtaa ukihama, wazee waliokaa nyumba ya tatu na ya nne hawakai tena karibu. Kwa muziki unaohitaji watu wawili wenye kusikilizana, hiyo ni hasara isiyoandikwa kwenye hesabu ya fidia.

Sauti ziko wapi leo

Rekodi za Hugh Tracey zinatunzwa na ILAM, maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954. Leo iko chuo kikuu cha Rhodes, katika mji wa Makhanda, Afrika Kusini. Sehemu ya nyimbo za Katanga imetolewa upya kwenye CD na kampuni ya SWP ya Uholanzi. Mtu mwenye simu na intaneti anaweza kusikia Masanga akiwa Fungurume ao Lubudi.

Kuna mfano wa rekodi kurudi nyumbani. Miaka ya 2010 ILAM ilipeleka Kenya nakala za nyimbo ambazo Tracey alirekodi huko miaka 60 mbele yake, na vijiji vilivyoimba vikasikia sauti za wazazi wao. Likasi, Bunkeya na Kolwezi zingeweza kuomba vilevile.

Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Ni heshima kwa inchi nzima. Lakini picha inayoonekana zaidi ni ya Kinshasa na Brazzaville, na gita kavu ya huku inatajwa kidogo. Tena santuri ina mpaka wake: Masanga ya 1952 inahifadhi dakika chache za siku moja. Namna ya kuugeuza wimbo kesho yake haimo ndani ya santuri. Iko kwa watu, na inapita toka mkono mpaka mkono.

Kwa anayetaka kurekodi mzee wake

Bado kuna wababa na babu katika vijiji na mitaa ya Lualaba wanaojua kupiga kwa vidole viwili. Wengi hawajiiti wanamuziki. Simu ya kawaida inatosha kuanza, kama mambo haya yanafuatwa:

- Kuomba ruhusa kwanza, na kumweleza mzee rekodi itakwenda wapi.
- Kurekodi wimbo mmoja mara mbili ao tatu, siku tofauti. Tofauti kati ya mara hizo ndiyo muziki wenyewe. Asiulizwe ipi ni ya kweli.
- Kumtafutia mwenzake wa kupiga naye, hata kama ni mtu wa chupa tu. Wazee wengi wanakumbuka zaidi wakiwa wawili.
- Kuonyesha vidole kwa video ya karibu, na kurekodi kila uzi peke yake ili ijulikane gita ilifungwa namna gani.
- Kutaja kwa sauti jina, mahali, tarehe na aliyemfundisha mzee huyo.
- Kumwachia nakala, na kumlipa jasho lake. Nyimbo alizotunga mwenyewe ni haki yake. SOCODA ndiyo shirika linalosimamia haki za watunzi nchini.

La mwisho ni kumkalisha kijana mwenye gita karibu na mzee wakati wa kurekodi. Kijana aige kwanza. Siku mzee atakapomwambia aache kuiga na atafute kipande chake mwenyewe, somo litakuwa limefika.